Maswali ya Wasomaji: Mfumo Mpya Dukani na Daftari la Mzee

SWALI: Baada ya salamu. Tangu baba yetu alipofariki nimekuwa nikisimamia duka lake la vifaa vya ujenzi hapa Malindi, pamoja na tawi dogo lililoko Watamu. Mwaka jana nilinunua kompyuta mbili na programu ya mauzo na stoo, nikaajiri vijana wawili wanaoijua kazi hiyo. Hadi leo hesabu ya programu hailingani na mali iliyomo stoo. Mtunza stoo wetu, mzee aliyeanza kazi na marehemu baba, bado anaandika kila kitu katika daftari lake, na vijana wanasema yeye ndiye anayekwamisha mambo. Jamaa zangu wananishauri nimstaafishe. Mimi mwenyewe si mtaalamu wa kompyuta, na mara nyingine huwapigia simu wampe mzigo fundi au jamaa fulani, halafu tuandike baadaye. Je, nimwondoe mzee? Na je, mtu asiyejua kompyuta anaweza kuongoza mabadiliko kama haya? – Mwenye duka, Malindi

JIBU: Dada yangu, katika barua yako yote, sentensi iliyonishughulisha zaidi ni ile ya simu zako, uliyoitaja kwa kupita tu. Mwenye mali anapoagiza saruji itoke stoo bila ya kuingizwa katika mfumo, hasara haiishii kwenye mifuko iliyotoka, kwa sababu kila mfanyakazi anayeisikia simu ile anaelewa kwamba utaratibu mpya umewekwa kwa ajili ya walioajiriwa, na kwamba tajiri ana njia yake ya pembeni. Kesho karani naye atampa mzigo fundi aliye rafiki yake, kwa maneno yale yale ya "tutaandika baadaye", wala hataona kwamba amefanya kosa. Nakusihi uanze hapo. Usitoke hata msumari bila ya karatasi ya mfumo, ingawa anayeuchukua ni ndugu yako wa tumbo moja, na siku utakapotaka kumsaidia jamaa, nenda dukani mwenyewe, usimame mbele ya karani, uandikishwe deni kwa jina lako huku wafanyakazi wakiona. Jambo hilo halihitaji ujuzi wowote wa kompyuta, na hakuna mtaalamu unayeweza kumwajiri akufanyie.

Mzee usimwondoe. Kabla ya kuamua lolote juu yake, tafuta asubuhi moja isiyo na wateja wengi, ukae naye pamoja na karani mmoja, daftari lake likiwa upande huu na kompyuta upande wa pili, mpitie bidhaa moja moja. Chukua mfano wa boriti zinazoletwa kutoka Lamu. Katika biashara ya miti ya mikoko mali huhesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, na hupangwa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Programu nyingi za duka zinapokuja zinajua "kipande" peke yake, mpaka mtu azieleze vinginevyo. Fundi akinunua pau saba kutoka korija moja na mazio matano kutoka korija nyingine, karani asiye na pa kuandika tofauti hiyo hubonyeza jina lililo karibu, na jioni hesabu huwa imeharibika bila ya mtu kuiba chochote. Misumari nayo huingia kwa katoni na kutoka kwa robo kilo, nondo hukatwa, mabomba hukatwa, na vipande vinavyobaki huuzwa kwa bei ya makubaliano. Mzee anayajua yote haya kwa sababu ameyashika kwa mikono yake miaka mingi, na naamini sehemu kubwa ya tofauti unayoilalamikia imejificha humo. Wale waliokuwekea programu walizungumza nawe na vijana. Yeye, kwa jinsi ninavyoielewa barua yako, hakuulizwa.

Kazi ya kiongozi katika mabadiliko ya namna hii ni kuwakalisha pamoja mtu anayeijua mali na mtu anayeijua mashine, na kuhakikisha kwamba hakuna anayetoka hapo akiwa amedharauliwa. Mwambie mzee, mbele ya vijana, kwamba vipimo vya bidhaa zote katika mfumo havitabadilishwa bila ya yeye kuvithibitisha. Kisha waambie vijana, mbele ya mzee, kwamba yakishathibitishwa, maandishi ya mfumo ndiyo yatakayotumika kuagizia mali. Kwa kufanya hivyo unampa kila upande heshima na wajibu kwa pamoja.

Kuna kisa cha kweli katika historia ya viwanda ambacho kila mwenye biashara anayenunua mashine mpya anafaa kukijua. Mwishoni mwa karne ya 19 viwanda vya Marekani vilianza kuacha injini za mvuke na kutumia mota za umeme. Wengi waliondoa injini wakaweka mota moja kubwa mahali pale pale, huku mihimili na mikanda iliyozungusha mashine zote ikibaki kama ilivyokuwa, na faida waliyoipata ilikuwa ndogo. Faida kubwa ilionekana katika miaka ya 1920, wakati kila mashine ilipopewa mota yake na viwanda vikapangwa upya kwa kufuata mwendo wa kazi. Mwanahistoria wa uchumi Paul David alikieleza kisa hicho mwaka 1990 ili kufafanua kwa nini kompyuta zilikuwa zimeenea maofisini ilhali tija haikuonekana kuongezeka. Umeme ulikuwapo miaka mingi. Kilichochelewa ni watu kuupanga upya mwendo wa kazi. Nawe umekwisha kununua kompyuta. Uliloliacha kama lilivyokuwa wakati wa marehemu baba ni suala la nani huamua nini.

Tazama mauzo ya mkopo, ambayo ndiyo roho ya duka la vifaa vya ujenzi katika mji wetu. Fundi hufika asubuhi na mapema, anataka mifuko sita ya saruji, na mwenye nyumba atalipa mwisho wa mwezi. Ikiwa karani hana ruhusa ya kuamua, atakupigia simu. Usipopokea, atampa mzigo kwa kumwonea haya au atamkataza na kumpoteza mteja. Weka kiwango ambacho karani anaweza kukikopesha kwa mteja aliyekwisha andikishwa, kingine ambacho mzee na karani watakiidhinisha pamoja, na kile kinachozidi hapo ndicho kikufikie wewe. Ukishakiweka, kiheshimu. Siku karani atakapokataa kumkopesha mtu aliyefika kikomo, na mtu huyo akakupigia kulalamika, jibu lako ndilo litakaloamua kama mfumo utaishi au utakufa. Nimeona biashara ambazo zilikuwa na programu nzuri na vijana hodari, zikaharibika kwa sababu ya tajiri aliyekuwa akitengua maamuzi ya watu wake kila alipoombwa.

Jambo jingine ni namna utakavyopokea habari mbaya. Tenga siku moja ya juma kwa kuhesabu sehemu ndogo ya stoo, leo rangi, juma lijalo mabomba, na hesabu hiyo ifanywe na wawili. Upungufu utaonekana, hauna budi kuonekana. Ukimfokea wa kwanza aliyeuleta, wa pili atausawazisha kwa kalamu kabla hujauona, na kuanzia hapo utakuwa unasoma hesabu za kukufurahisha. Tangaza mapema kwamba kosa lililosemwa na mwenyewe halina adhabu, na kwamba lililofichwa lina adhabu, kisha ushikilie neno lako hata siku ambayo kosa hilo litakugharimu fedha nyingi.

Kuhusu daftari, liache liendelee sambamba na mfumo kwa miezi michache. Watu husahau kwamba M-Pesa, iliyoanzishwa na Safaricom mwezi Machi 2007 na ambayo leo hata bibi zetu wanaitumia bila ya kutetemeka, ilikua huku mawakala wakiandika kila muamala kwa kalamu katika daftari na mteja akitia saini. Daftari lile liliwapa watu imani mpaka walipozoea. Ningetamani pia wale vijana wako walizingatie hilo kabla ya kusema kwamba wazee wanaogopa teknolojia, kwa sababu mzee huyo huyo, nina hakika, hupokea na kutuma fedha kwa simu yake. Alikubali kwa kuwa manufaa yake aliyaona siku ya kwanza. Mwonyeshe na huku manufaa ya namna hiyo: mfumo umwandikie asubuhi orodha ya bidhaa zinazokaribia kwisha, asipande ngazi kuzitafuta.

Tawi la Watamu liache kwanza mpaka duka kubwa litulie.

Umeuliza kama mtu asiyejua kompyuta anaweza kuongoza. Anaweza, lakini hawezi kubaki asiyejua kabisa. Jifunze kuifungua mwenyewe ripoti ya mauzo ya siku, ya mali iliyobaki na ya madeni, na kuuliza maswali mpaka uelewe kila tarakimu imetoka wapi. Nenosiri kuu la mfumo lisiwe mikononi mwa kijana mmoja peke yake, hata akiwa mwaminifu kiasi gani, na nakala rudufu ya data ihifadhiwe nje ya duka, kwani umeme wetu unajulikana tabia yake. Usiendelee pia kuuona mfumo kama jambo la hiari. Tangu Januari 2024 gharama ya biashara isiyo na ankara ya eTIMS, yaani ankara ya kielektroniki ya Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA), isipokuwa zile zilizosamehewa, haikubaliwi na mamlaka hiyo katika kukokotoa kodi, kwa hiyo makandarasi na wenye hoteli wanaonunua kwako watakuachia mali yako ukishindwa kuwapa ankara hiyo. Hata hivyo sheria itakulazimisha utoe ankara tu. Haitakupatanishia mzee na vijana.

SWALI: Sisi ni ndugu watatu tunaomiliki nyumba ya wageni mjini Lamu. Mmoja wetu hupokea wageni kupitia tovuti za kuhifadhi vyumba, mwingine kwa WhatsApp, na mimi hupokea wanaoletwa na manahodha na waongozaji wa watalii kutoka gatini. Mara nyingi chumba kimoja hupewa wageni wawili. Tununue mfumo gani? – Ndugu wa Mkomani

JIBU: Ndugu yangu, nahodha wengi chombo huenda mrama, na hakuna mfumo utakaonunuliwa ukaliponya hilo kabla ninyi watatu hamjakaa mkachagua mmoja mwenye kauli ya mwisho juu ya kalenda ya vyumba. Fanyeni majaribio kwa msimu mmoja kwa kalenda moja ya mtandaoni, hata ya bure, ambayo wote mnaiona katika simu zenu lakini anayeandika ni mmoja. Mgeni aliyeshuka gatini hapewi ufunguo mpaka mwenye kalenda amejibu. Wewe unayewapokea wa ana kwa ana ndiye utakayeona uzito zaidi, kwa maana mgeni amesimama mbele yako na mizigo yake, naye aliyemleta anangoja. Basi kubalianeni kwamba mwenye kalenda atapokea simu yako wakati wowote. Mkishaweza kuishi hivyo bila ya kugongana, mtajua wenyewe mnahitaji programu ya aina gani, na muuzaji hataweza kuwauzia msiyoyahitaji.

Kuna jambo hamkuliuliza ambalo linanitia wasiwasi. Bila ya shaka mnapiga picha pasipoti za wageni kwa simu zenu, na picha hizo hukaa humo, au hupitishwa katika kundi la WhatsApp la wafanyakazi. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inawahusu ninyi pia. Kwa kanuni zilizoanza kutumika Julai 2022, biashara ndogo nyingi zimesamehewa kujiandikisha kwa Kamishna wa Data, lakini biashara za kupokea wageni hazimo katika msamaha huo hata zikiwa ndogo. Jiandikisheni, wekeni mahali pamoja pa kuhifadhia nakala hizo, na amueni ni nani anayeruhusiwa kuzifungua na zitafutwa lini. Mgeni aliyewakabidhi pasipoti yake amewapa amana.

SWALI: Nimeajiriwa kusimamia kompyuta katika biashara ya samaki hapa Malindi. Tajiri wangu hataki kuzitazama ripoti ninazomwandalia, husema anaijua biashara yake kichwani. Nifanye nini? – Kijana, Malindi

JIBU: Mwanangu, tajiri wako huenda anasema kweli kwamba anaijua, na ripoti zako huenda zinajibu maswali asiyoyauliza. Msikilize jioni boti zikishateremsha: anauliza nini kwa kurudia? Labda ni hoteli gani haijalipa, au ni barafu kiasi gani imetumika kwa kilo za samaki waliouzwa. Chagua swali moja kati ya hayo, uliandikie jibu katika karatasi moja kwa herufi kubwa, umpelekee kila siku saa ile ile kabla hajaliuliza, na usimwongezee ukurasa wa pili mpaka atakapouomba. Siku tarakimu zako zitakapotofautiana na za kichwani mwake, usibishane naye mbele ya watu. Mwombe mkazihesabu pamoja kwenye mizani, na ikitokea kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi, rekebisha mfumo siku hiyo hiyo na umwonyeshe ulivyorekebisha.