Swali la Lugha: Rapa naye ana vina?

SWALI: Mimi ni mpenzi wa hip-hop ya andagraundi na huwa naandika uchambuzi wa albamu. Juzi niliandika kwamba rapa fulani "ana vina vikali na mizani iliyotulia". Mwalimu mmoja wa Kiswahili akanikosoa: rapa hana vina wala mizani, hayo ni maneno ya washairi. Rafiki yangu naye anataka niseme "wasanii chipukizi" badala ya "andagraundi". Nifuate lipi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Mwalimu wako kapatia nusu. Kwenye mizani mkubalie, kwenye vina usimkubalie.

Katika shairi la kimapokeo, tuseme tarbia (lile la mistari minne kila ubeti), kina ni silabi ya mwisho wa kipande cha mstari, tena silabi nzima, konsonanti pamoja na irabu yake. "Karatasi" huitikiwa na "nafasi" au "farasi". Ukileta "maji" hapo, utaambiwa shairi lako ni guni, yaani lina kasoro ya vina. Sheikh Kaluta Amri Abedi aliziweka sheria hizi kitabuni mwaka 1954, na darasani bado ndizo zinazotangulia.

Sasa chukua mistari hii miwili. Nimeitunga mwenyewe, kwa hiyo msinicheke:

Nimeandika ukutani, sina karatasi,
Jua la saa sita, sina hata maji.

Kwa kipimo cha tarbia, "si" na "ji" hazipatani. Lakini itamke kwa sauti juu ya biti. Irabu za "karatasi" ni a-a-a-i. Za "hata maji" ni a-a-a-i vilevile. Na kwa kuwa mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, uzito unaangukia "ta" huku na "ma" kule, kwa hiyo sikio limeshanaswa kabla neno halijaisha. Mshairi wa tarbia anadai silabi moja iliyo kamili. Mchanaji, yaani rapa, anasamehe konsonanti, ila anadai irabu nne mfululizo. Hivyo navyo ni vina, kipimo tu ndicho tofauti, na sioni kwa nini tuvitafutie jina jingine.

Tena kipimo hicho si cha mteremko. Vitenzi vyetu vingi huishia na "a", basi rapa mvivu humaliza kila mstari kwa "-isha" au "-eka" akadhani kamaliza kazi. Vina vya namna hiyo hata mwalimu wako angevipitisha. Wapenzi wa mistari ndio wanaovikunjia uso, na hapo nipo upande wao.

Rapa Fid Q wa Mwanza ana albamu inayoitwa Vina Mwanzo, Kati na Mwisho. Tarbia ina kina cha kati na cha mwisho. Yeye kaongeza cha mwanzo. Sidhani kama mtu huita kazi yake hivyo kwa bahati mbaya.

Mizani ni habari nyingine. Mizani ni idadi ya silabi, nane kwa nane katika tarbia ya kawaida, na haitakiwi kuyumba. Rapa hafungwi na idadi hiyo, anafungwa na mapigo. Mstari wake kwa kawaida hukaa ndani ya mapigo manne, na humo anaweza kushindilia silabi kumi na sita, mstari unaofuata akatia sita na kuacha biti ipumue. Ukimsifu kwa "mizani iliyotulia" unamsifu kwa kitu ambacho hata hakukijaribu. Andika "mtiririko".

Kuhusu andagraundi, rafiki yako anasema wanavyosema wengi Tanzania: "msanii wa andagraundi" ni yule ambaye hajatoka, anayesaka wimbo wa kumtambulisha. Wewe unamaanisha muziki unaotengenezwa bila kufuata matakwa ya redio, hata kama mwenyewe yupo kwenye gemu miaka ishirini. Ukoo Flani Mau Mau, kundi la Kenya lililokusanya wachanaji wa Dandora na Mombasa, utaliitaje chipukizi? Neno libakize, ila liambatanishe na kazi badala ya mtu: "albamu ya andagraundi", "hip-hop ya andagraundi". Ukitaka kumtaja mtu, "rapa mgumu" inaeleweka bila maelezo. (Na hilo "Flani" usiligeuze "Fulani", jina la kundi huandikwa kama wenyewe walivyoliandika.)

Sentensi yako basi iwe hivi: "Ana vina vikali vinavyoanza katikati ya mstari, na mtiririko wake hautetereki hata biti inapokatika."