Usiuze mashua ya babu yako

Mwanangu, waalaikumu salaam. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu: mara moja nikiwa kazini, mara mbili usiku nikiwa peke yangu. Umesema kuna wakala Mombasa anayekudai laki nane akutafutie kazi ya kulea wazee huku Uingereza. Laki tano utazipata ukiuza mashua na mashini yake, laki tatu wataka nikukopeshe. Kisha ukaniuliza, "Mama mdogo, niambie kweli, maisha ya huko ni mazuri au si mazuri? Mbona bibi asema kila ukipiga simu walia?"

Si wewe peke yako unayeuliza. Wenzio wa barazani pale Langoni waliniuliza hayo hayo nilipokuja mara ya mwisho, nami nikawajibu kwa kucheka na kugawa chokoleti. Lilikuwa kosa langu. Leo nakujibu wewe, na ukitaka wasikie, wasomee wote.

Naanza na wakala kwa sababu hilo haliwezi kungoja. Kazi anayokuuzia haipo. Serikali ya Uingereza ilifunga mlango wa kuchukua walezi wa wazee kutoka nje tarehe 22 Julai 2025. Waliokuwa wameshaingia wanaendelea, lakini mtu aliye kwetu Amu (Lamu) leo haombewi viza hiyo na yeyote. Hata kabla ya hapo, tangu tarehe 11 Machi 2024, aliyekuja kwa kazi hii alizuiwa kuja na mke wala watoto. Na ile karatasi ya udhamini anayosema ameshaitolea nusu ya pesa, gharama yake ni ya mwajiri. Haiuzwi. Mimi nimemlaza sebuleni kwangu kwa miezi minne msichana wa watu aliyeuza kiwanja cha mamake akalipa wakala, akafika hapa na kampuni iliyomwandika haina hata saa moja ya kazi ya kumpa. Usiku nilikuwa namsikia akipiga hesabu kwa sauti ya chini, pauni kwa shilingi, shilingi kwa pauni, mpaka usingizi unampitia.

Kwa hiyo laki tatu sikupi. Usinune, nisikilize mpaka mwisho.

Sasa maisha. Nilifika Leicester mwaka 2015 kumfuata mume wangu, na tangu mwaka wa pili nafanya kazi hiyo hiyo unayoitaka. Kima cha chini cha mshahara kuanzia Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Ukizigeuza ni shilingi elfu mbili na zaidi, na najua barazani mtu akisikia hivyo hupiga mluzi. Lakini pesa za huku hutumika huku. Kodi ya nyumba, kodi ya baraza la mji, umeme na gesi ya kupasha nyumba moto, bima ya gari, petroli. Kampuni yangu ya kwanza ilikuwa ikinilipa dakika nilizo ndani ya nyumba ya mgonjwa tu. Safari ya nyumba hadi nyumba, kwenye mvua na barafu, ilikuwa juu yangu. Nilitoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, nikarudi saa nne usiku, na katika karatasi ya mshahara siku hiyo ikahesabiwa saa saba. Nilikaa nao mwaka na nusu kwa kuwa sikujua naweza kulalamika. Nilipo sasa wananilipa barabarani pia, alhamdulillahi.

Zinazobaki ndizo mnazoziona. Macho ya bibi yako yalipasuliwa kwa pesa hizo, na siku aliponiambia kwamba ameuona mwezi wa Ramadhani mwenyewe bila kuonyeshwa, nilisimama katikati ya duka nikasujudu moyoni. Karo ya dadako ilitoka humo. Sitasema kazi hii haina faida, nitakuwa nimekufuru neema.

Ibada nayo ina yake. Ramadhani yangu ya kwanza iliangukia Juni. Kwetu, mwaka uingie mwaka utoke, magharibi haichezi mbali na saa kumi na mbili na nusu. Hapa jua lilizama saa tatu na nusu usiku, na daku ilibidi iishe kabla ya saa tisa. Saa zaidi ya 18 tumbo tupu, na katikati yake kuinua watu wazima kitandani. Desemba mambo yanageuka: unaswali adhuhuri, hujakunja mswala alasiri imeingia, na saa kumi kasoro magharibi imefika na nje ni giza. Kwenu adhana zinapishana, Mkomani hawajamaliza Langoni wameanza, na mtu hata hasikilizi tena. Mimi adhana yangu inatoka kwenye simu mfukoni, naizima haraka mgonjwa asishtuke.

Lakini yupo bibi mmoja, Mwingereza wa miaka 91. Nikienda kwake mchana nina nusu saa ya mapumziko, naswali chumba cha nyuma. Siku ya kwanza aliniuliza nafanya nini, nikamweleza. Tangu siku hiyo akiona nimeingia kutawadha, yeye mwenyewe huchukua rimoti kwa mkono wake unaotetemeka akapunguza sauti ya televisheni mpaka nitoke. Hakuna aliyemwambia.

Na furaha nyingine, usije ukadhani ni giza tupu. Mji huu una Wahindi wengi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, na wengine waliotoka Kenya. Miezi yangu ya mwanzo niliingia duka moja nikaona katika jokofu pakiti zimeandikwa "mogo". Nikazigeuza geuza, nikatambua ni muhogo wetu. Mzee wa dukani akaniona na ushungi wangu na vile ninavyoishika ile pakiti, akaniambia kwa Kiswahili, "Chukua mama, huo wapikwa na nazi, tui liko pale chini." Sikuwa nimesikia Kiswahili kwa mtu wa nje ya nyumba yangu kwa wiki saba. Nilinunua pakiti tatu nilizokuwa sina nafasi nazo. Mpaka leo namwita babu, na Idi mbili zote nampelekea mahamri.

Idi tunakodisha ukumbi wa shule, watu wa Amu, Pate, Mombasa, Unguja, Wabarawa. Kila mtu na sufuria yake. Mfungo Sita tunasoma Maulidi ukumbini humo, wanaume wanapiga matari, na wanawake tunajitahidi. Asumini ya kuunga vikuba haipatikani, tunafukiza udi madirisha yakiwa yamefungwa kwa baridi, na king'ora cha moshi kinalia mpaka mmoja apande kiti akakizime. Watoto wetu wanadhani ndivyo Maulidi yalivyo. Wa kwangu wa kwanza aliponiuliza zefe ni nini, nilimwonyesha video ya watu wakitoka msikiti wa Riyadha kwa maandamano, akasema, "Mama, mbona wote wanajuana?"

Sasa la babu yako. Hili sijawahi kukueleza.

Alifariki Novemba 2019 alfajiri, nanyi mkamzika baada ya adhuhuri, kama inavyotakiwa. Ndege ya London hadi Nairobi ni saa nane na zaidi, bado kufika Manda au kulala njiani na basi mpaka Mokowe. Hata ningekuwa na tiketi mkononi nisingeliwahi. Ulikuwa mdogo, pengine hukumbuki kwamba aliyeshika simu kunionyesha janaza alikuwa wewe. Nilikuwa ndani ya gari, nje ya nyumba ya mgonjwa. Niliona miguu ya watu na makubadhi na mchanga, kwa sababu ulikuwa unaishusha simu ukijifuta macho. Nikasikia "chukueni mkono, chukueni mkono," kisha picha ikaganda kwenye ukuta wa makaburi na haikuendelea tena. Nikangoja dakika tatu. Nikatoka, nikafungua kile kisanduku cha ufunguo pembeni mwa mlango, nikaingia, nikampikia mzee wa watu uji wake wa shayiri. Akaniuliza mbona macho mekundu, nikamwambia baridi.

Sasa nikujibu kwa nini nalia nikizungumza na bibi yako. Kila siku saa moja na nusu asubuhi namwogesha yule bibi wa miaka 91. Nayajua maji yake: yanataka moto kuzidi kidogo unavyofikiri, maana ngozi ya mzee huhisi baridi mapema. Naanza na uso kwa kitambaa kisicho na sabuni. Nikiosha mkono huu, sehemu nyingine yote nimeifunika taulo asione haya. Miguu mwisho. Nakausha kati ya vidole, kimoja baada ya kimoja, maana unyevu ukibaki hapo ngozi hulika na mzee hasemi mpaka imekuwa donda. Kisha mafuta, kisha soksi.

Na saa hiyo hiyo kwenu ni saa tatu na nusu au nne na nusu, kutegemea majira, na mama yangu mzazi anaogeshwa na mtu ninayemtumia pesa kwa M-Pesa. Ni mwanamke mwema, simlaumu kwa lolote. Lakini siku moja nilimuuliza mama kwenye simu, "Mama, akikuosha miguu, vidole avikausha?" Akanyamaza kidogo, akasema, "Njoo wewe unikaushe."

Ndiyo sababu, mwanangu. Kila nikishika mguu wa yule bibi nalisikia neno lile.

Hutaniuliza, lakini nitakwambia: kurudi nako si rahisi kama mnavyodhani. Nina watoto shule, nina deni la nyumba. Nikija, nakuwa mgeni wa wiki tatu. Nalala chumba cha wageni, napewa sahani nzuri, watu wanashusha sauti nikiingia kwa kudhani nitaombwa kitu mbele yao. Siku ya kwanza napotea vichochoroni nyuma ya soko, mimi niliyezaliwa hapo, na punda ananipita bila kunipisha.

Ukitaka kusafiri, sikuzuii. Ujana ni kutembea, na babu yako mwenyewe alifika Kismayuu na Unguja kwa tanga. Soma kwanza. Kuna chuo, kuna kazi za bandari ya Magogoni hapo Lamu zinazotaka mafundi wenye vyeti, na fundi mwenye cheti chake hamwendei wakala kwa magoti. Ukipata nafasi ya kweli, leta karatasi nizisome mimi kabla hujatoa hata shilingi moja, na nauli nitakusaidia.

Lakini mashua hapana. Ile iliundwa Matondoni, babu yako akikaa pale siku nzima kutazama kila msumari. Ndiyo pekee aliyotuachia ambayo haijagawanywa. Najua kwamba inavuja, najua watalii wamepungua na mashini inakula mafuta. Mwite fundi aitie kalafati upya na kuipaka mafuta ya sifa, uniambie ni shilingi ngapi, tanga nalo uniambie. Hizo laki tatu nilizokataa kumpa wakala, kiasi cha matengenezo kitatoka humo. Na usiiache juu ya mchanga juani, mbao zinaachana.

Nimeomba likizo Mfungo Sita, nimekubaliwa. Nitashukia Mokowe, uje na mashua yenyewe unichukue, usije na boti ya kukodi. Bibi yako nimemwahidi kumpeleka Shela akaone nyumba ya dadake. Ngazi za gati haziwezi tena, itabidi abebwe. Usimshike makwapani, utamuumiza. Ningoje mimi, nitakuonyesha pa kuweka mkono.