Kompyuta inajizima baada ya kuongezwa kasi: rudi nyuma kwanza

Ndugu yangu wa Kondele, umesema uliipandisha prosesa yako ya Core i7-12700K hadi kasi ya GHz 5.1 ili video za harusi zitoke haraka, na sasa kompyuta inajizima kazi ikiwa katikati. Pole sana. Mimi pia nahariri video hapa Kisumu, na niliwahi kupoteza kazi ya usiku kucha mteja akiwa tayari njiani.

Rudisha BIOS (programu ya msingi ya kuipangia kompyuta) kwenye mipangilio ya kiwandani, ukizima na XMP (mpangilio unaoongeza kasi ya kumbukumbu, yaani RAM), kisha rudia kazi ileile. Ikijizima bado, kasi siyo chanzo. Safisha vumbi, pima RAM kwa programu ya MemTest86 usiku mzima, na ushuku pawa saplai.

Ikitulia, panda MHz 100 tu kila mara, ukiipima kwa Prime95, programu inayoifanyisha prosesa kazi nzito, angalau saa moja. Tafadhali usikimbilie volti! Umeme unaoliwa na prosesa hupanda kwa mraba wa volti: ongeza asilimia 10, na joto linazidi kwa takriban asilimia 21 kabla hujagusa kasi. Prosesa hiyo hujipunguzia kasi ikikaribia nyuzi 100. Mimi singeiacha ipite 85. Pima saa nane mchana, si alfajiri, maana joto la huku ziwani unalijua.

Kwa kazi ya kulipwa, mimi ningebaki na kasi ya kiwandani, pesa niweke kwenye kipoozaji kizuri.

Ukinusa harufu ya kuungua, chomoa waya umpelekee fundi. Pawa saplai usiifungue mwenyewe. Kapasita zake hubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa.