Mtoto wa miaka minne akiona penseli anatoroka: vile sisi tulifanya hapa Pipeline, Nairobi

Dada, umeuliza vile utamfunza mtoto wa miaka minne kwa nyumba mpaka Januari akiingia PP1 (mwaka wa kwanza wa chekechea), bila kila siku kuishia machozi. Umesema chati umenunua, vitabu viko, na bado akiona penseli anaingia chini ya kitanda. Wacha nikujibu kwa urefu, hiyo sinema nimeicheza na mimi ndio nilikuwa adui.

Mimi ni baba. Nafanya shifti ya usiku kwa bakery Industrial Area, mama yake anatoka saa kumi na mbili asubuhi mimi nikiingia, so mchana wote ni mimi na msichana wangu, floo ya tano, kiwanja ya kucheza hakuna, na wenye wanajua Pipeline wanajua hata jua tunalipandia rufu.

Mwanzo nilifanya shule. Nilinunua ile chati ya alfabeti iko na X ya zailofoni, kitu mimi mwenyewe sijawahi kuiona na macho, nikamketisha kwa meza saa tatu asubuhi, saa nzima, na mimi usingizi wa shifti umenishika, akikosea napandisha sauti. Wiki ya pili akawa anaumwa na tumbo kila nikisogeza kiti. Halafu siku moja nikamkuta ameweka mdoli chini anamwinulia rula, "Sema B! Nimesema sema B!" Ilikuwa sauti yangu kabisa. Chati niliitoa kwa ukuta siku hiyo hiyo na hajawahi kuuliza ilienda wapi.

Tukaanzia ngazi, na si eti nilikuwa nimepanga, ni vile alikuwa anakataa kupanda akitaka nimbebe na mimi nimebeba unga na mkaa. Nikamwambia tuone hizi stepu ni ngapi. Kwetu kila floo ni stepu 16, so tukifika floo mpya tunaanza moja tena. Wiki mbili za kwanza alikuwa anaruka 13 kila siku, nikaacha kumkosoa, nikawa tu nahesabu na mimi kwa sauti yangu. Ikajirekebisha. Baadaye tukishuka tunahesabu kurudi nyuma, na hiyo ndio ngumu, usiharakishe. Lakini kile kilinishangaza ni siku alisimama floo ya tatu amechoka akasema, "Baba, tumebakisha mbili." Sikuwa nimemfundisha kutoa. Miguu ndio ilimfundisha.

Maji nayo. Hapa yanakuja siku mbili kwa wiki na yakija ni mbio. Zamani nilikuwa namfukuza asinimwagie, sasa amepewa kazi yake, ana kimtungi cha lita 5 na ananisaidia kujaza mtungi wa 20. Kwanza anakisia, "itaingia kumi!", halafu tunamimina na kuhesabu, inakuwa nne. Kesho yake anakisia tena kumi, haidhuru. Siku ingine tunatumia kikombe na sufuria, au chupa nyembamba ndefu na bakuli pana, ananiapia chupa ndio iko na maji mingi juu ni ndefu, tunamimina, anashangaa, anataka turudie. Hiyo inaweza kula nusu saa na hakuna mtu amelia. Ndoo ya maji usimwache nayo peke yake lakini, hata kama ni nusu.

Kuhusu penseli: mkono wa mtoto wa miaka minne bado laini, unamlazimisha kushika kitu vidole havijakuwa na nguvu nayo. Mpe kazi ya vidole kwanza. Wangu anabana nguo na pegi tukianika, anatoa ndengu mawe, anachambua sukuma, na anakanda unga. Unga wa kuchezea ni vikombe viwili vya ngano, kimoja cha chumvi, maji kidogo kidogo mpaka ishikane, na tone la mafuta. Ukifunga kwa mkebe wa kifuniko inakaa siku kadhaa, na chumvi ni nyingi kwa hivyo mwambie hailiwi. Ndengu nazo uwe hapo hapo, wangu aliingiza moja kwa pua, tukalipa klinik ya mtaa pesa ya chakula cha siku tatu itolewe.

Ya kuandika nilipata suluhisho rufu. Brashi kuukuu ya rangi na mkebe wa maji, anaandika kwa simiti, jua linafuta. Hakuna kosa linabaki hapo na nafikiri ndio maana alipenda. (Tukiwa rufu namshika, zile kuta za huko juu ni fupi.) Sikuanza na A B C, nilianza na ma. Ma ya mama, ma ya maji, ma ya matatu. Kiswahili kinakubeba hapa, irabi ni tano na hazibadiliki, ukijua ma me mi mo mu ushapata kitu ya kusoma. Kingereza kitakuja, huko nje kimejaa kila mahali.

Pesa alijifunza na wanyama. Zile sarafu zilitoka 2018 ni rahisi sana kwa mtoto, shilingi moja ni twiga, tano ni kifaru, kumi ni simba, ishirini ni ndovu. Mandazi yetu ni simba mmoja. Akienda kwa mama mboga anasema "nyanya za ndovu" na wateja wote wanaangua kicheko, na mama mboga, Mungu ambariki, anamrudishia chenji polepole akimhesabia.

Matatu ni shule pia, 33 ya ruti yetu ilikuwa nambari ya kwanza kusoma mwenyewe, "tatu na tatu!", ilibidi dereva mwenyewe aambiwe.

Muda? Dakika kumi, kumi na tano, akichoka unaacha hata kama wewe ndio ulikuwa unafurahia. Katuni tunaangalia, sitakudanganya, mimi pia lazima nilale. Na usiogope sana hiyo Januari, PP1 yenyewe ni ya miaka minne na kazi yake ni hizi hizi, lugha, hesabu, mazingira, kucheza na kuchora. Shule ingine itataka kumfanyia intavyu asome sentensi. Mimi nilienda moja kama hiyo, tukageuza pale pale kwa geti.

Stima ikipotea jioni ni vitendawili. Alianza na ile ya nyumba yangu haina mlango, yai, akaichosha mwezi mzima. Juzi akanitegea yake.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Nyumba yangu iko na ngazi mingi na maji haifiki."

Nikashindwa, nikampa mji, akaenda Mombasa, akarudi, akaniambia ni ploti yetu.

Kuna kitu uniulize uliza, nitajibu kesho nikitoka kazi. Nimesikia mfereji umeanza kutoa upepo, na huyu ashachukua kimtungi chake yuko mlangoni.