Re: Vibao vya milango ya 504 vimevimba

Mkuu, umeuliza vibao vya ndani vya milango ya Peugeot 504 ya mzee, ukate vya MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) au usake orijino. Orijino achana nazo, utakazopata zina uzee uleule. MDF kwa unyevu wa hapa Tanga ndo kabisaa, nilimwekea shemeji yangu, masika moja tu vikaumuka kama maandazi.

Chukua plaiwudi ya marini (ile ya maboti, inayovumilia maji) ya milimita 3 au 4. Kile cha zamani usitupe hata kama kimeoza, ndo patani yako, ila palipovimba usifuate mstari wake, pima mlango wenyewe. Shughuli ipo kwenye matundu ya klipu (vile vibanio vinavyoshika kibao mlangoni) bwana, ukikosea milimita 2 klipu haiingii na ukilazimisha inavunjika, mi napaka wanja kwenye kingo za matundu ya mlango kisha nakibana kibao pale, alama inatoka yenyewe (wanja wa wife, ananuna siku mbili). Piga vanishi kotekote mpaka ndani ya matundu, mbele pitisha msasa kidogo, halafu sponji nyembamba na reksini, gundi paka nyuso zote mbili zinazokutana usubiri mpaka isinate kidoleni ndo ubandike.

Na ile nailoni ya nyuma ya kibao ipo? Mafundi wengi wanaitupa, wakati maji ya mvua yanashukia kwenye kioo yanaingia ndani ya mlango, bila nailoni utarudi kuuliza tena hapa. Zibua na vitundu vya chini ya mlango.

Wa dereva fanya mwisho, mkono utakuwa ushazoea.