Trela linapasuka pembeni ya mchomo: kabla hujabadilisha fundi

Mkuu uliyeandika kutoka Mafinga, swali lako nimelisoma mara mbili. Una trela la trekta linalobeba magogo ya misonobari kutoka Sao Hill. Shingo, yaani ule mkono wa mbele unaoshikana na trekta, imepasuka pale inapoingia kwenye fremu, fundi kachomelea mara tatu, na kila mara inaachia tena, si kwenye mchomo wenyewe bali pembeni yake. Unauliza ubadilishe fundi au ununue shingo nyingine. Subiri kwanza. Mimi nachomelea hapa Uyole, Mbeya, karibu na njia panda ya kushukia Tukuyu, mwaka wa kumi na nane sasa, na shingo za namna hiyo zimepita nyingi mikononi mwangu. Za mwanzoni nilizipasua mwenyewe.

Hilo neno lako "pembeni" ndilo lenye jibu. Mchomo wa rodi ya kawaida, hata hii 6013 inayouzwa kila duka la vifaa, ukishika vizuri huwa na nguvu kuliko chuma laini unachokiunganisha. Ndiyo maana wenyewe haupasuki. Kinachopasuka ni ule ukanda mwembamba wa chuma uliopata moto mkali ukapoa ghafla, tena hasa kama fundi aliongeza moto akaacha kimfereji ukingoni, pale rodi ilipokula chuma bila kujaza. Pitisha ukucha pembeni ya mchomo wako. Ukinasa, umeshakiona. Kila shimo la barabara ya msituni linakunja shingo kidogo, na mkunjo wote unakwenda kukaa kwenye kile kimfereji.

Halafu hiyo habari ya mara tatu. Naweza kukisia kilichotokea: fundi alifuta vumbi, akapaka moto juu ya ufa, akagonga magamba (ule uchafu mgumu unaoganda juu ya mchomo), ukaona mstari mzuri unang'aa, ukalipa. Chini yake ufa uko vilevile. Siku moja nilikata kipande cha shingo ya trela la mpunga kutoka Ubaruku ambacho mwenzangu alikuwa amekipaka hivyo. Nilipokivunja nikatazama uso wa mpasuko, nusu ilikuwa nyeusi, imeshiba grisi na tope la majaruba. Sehemu nyingine ilikuwa ya kahawia, kutu ya siku nyingi kidogo. Kilichobaki kinang'aa, chembechembe kama sukari, hakifiki upana wa kidole. Yaani trela lile lilitembea msimu mzima na mzigo juu likiwa limeshikwa na kidole kimoja cha chuma. Hiyo rangi ndiyo inayokuambia ufa umeanza lini, kwa hiyo usikubali mtu apitishe grinda kabla hujachungulia.

Sasa kazi yenyewe. Ondoa rangi na kutu sentimita kama kumi kila upande mpaka chuma kiwe cheupe. Kisha utafute ufa unapoishia, kwa sababu macho yanadanganya, siku zote ufa ni mrefu kuliko unavyoonekana. Mimi natumia njia niliyofundishwa na mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi reli, na haina gharama. Paka mafuta ya taa juu ya ufa, acha robo saa yaingie, kisha futa kabisa kwa kitambaa kikavu mpaka uone hakuna kitu. Saga chaki ya shule, koroga na spiriti iwe kama rangi nyepesi, paka, iache ikauke. Ukisubiri kidogo, mafuta yaliyojificha ndani yanaanza kupanda, na kwenye ule weupe unajichora mstari mwembamba wa kijivu kama unywele. Fuata mpaka unapokufa. Mara nyingi utashangaa umepinda ukaingia chini ya pleti ambayo hukuifikiria.

Hapo mwisho, tena mbele yake kidogo, toboa tundu la milimita 5 au 6. Ncha ya ufa ni kali kama wembe na nguvu yote inakusanyika pale, tundu linaifanya iwe duara. Ufa una ncha mbili, toboa zote. Baada ya hapo chukua grinda uchimbe ufa wote kwa umbo la V, mpana kiasi cha nyuzi 60, mpaka mstari upotee kabisa. Mstari ukibaki, hata kama unywele, bado hujaanza kuchomelea. Chuma kikiwa kimepasuka mpaka upande wa pili, achia mwanya wa milimita 2 au 3 chini ili mchomo wa kwanza upenye.

Rodi: kwa shingo ya trela mimi situmii 6013. Si mbaya, mageti na madirisha ya mji huu mzima imeyashika hiyo, lakini kwa kitu kinachotingishwa na mzigo natumia rodi ya 7018. Shida yake ni mbili. Ya kwanza inataka mashine ya DC (umeme unaokwenda upande mmoja), hizi inveta ndogo zinafaa, kishikio unaweka upande wa chanya. Zile mashine za koili zinazosukwa mtaani nyingi ni AC (umeme wa kugeukageuka) na 7018 itakusumbua kuwaka. Ya pili inachukia unyevu. Unyevu wa kwenye ngozi ya rodi ukipigwa moto unatoa haidrojeni, inaingia kwenye chuma cha moto, na kinapopoa inakipasua kutoka ndani, wakati mwingine kesho yake wewe umeshalala. Pakiti iliyokaa wazi msimu wa mvua inatakiwa iokwe kwenye nyuzi joto 300 na kitu kwa saa moja hivi. Kuianika juani ni kujifurahisha tu. Kama huna oveni, nunua pakiti iliyofungwa, ifungue siku hiyohiyo ya kazi. Kwa rodi ya milimita 3.2 anzia ampia 110 hivi, uongeze au upunguze kwa kusikiliza, sauti iwe kama ya nyama inayokaangwa, isiwe ya kurukaruka.

Na baridi. Watu wa Dar hawawezi kunielewa, lakini wewe wa Mafinga na wenzetu wa Njombe na Makete mnajua asubuhi ya Juni ilivyo. Chuma kinene kilicholala nje usiku kinanyonya moto wa mchomo kama jiwe, mchomo unapoa kwa sekunde chache, ule ukanda wa pembeni unakuwa mgumu na mkavu. Pitisha kwanza moto wa gesi, au jiko la mkaa chini yake, mpaka tone la maji likidondoka linachemka na kutoweka. Ndipo uanze. Ukimaliza usimwagie maji! Nimeona vijana wanamwagia maji ili mteja awahi kuondoka.

Jaza kwa mistari miwili au mitatu, gonga magamba na piga brashi ya waya kila mstari. Mwisho saga kingo za mchomo zilale laini na chuma, hiyo dakika tano ya grinda ni muhimu kuliko uzuri wa mchomo. Ukitaka kuongeza pleti ya nguvu juu yake, usiikate mraba. Pleti mraba inaweka mchomo wa kukatiza shingo, na huo mstari wa kukatiza ndio ufa wako wa nne. Ikate kama almasi, ncha zitazame mbele na nyuma, chomelea mbavuni, kwenye ncha acha kidogo bila kuchomelea. Wakati wote huo, trekta liwe limefunguliwa kutoka kwenye trela, au betri itolewe waya, na ethi (ile klipu ya waya wa kurudisha umeme kwenye mashine) uibane karibu kabisa na unapochomelea. Umeme ukilazimika kupita kwenye bearing za magurudumu, zinaungua ndani na wewe hujui.

Kuna mwingine aliyeuliza kuhusu kuchomelea mguu wa injini ya mashine ya kusaga: hicho ni kitu kingine kabisa, hayo yote niliyosema usiyapeleke huko. Mguu wa injini ni kasti, yaani chuma cha kumiminwa kwenye kalibu. Kasti ina kaboni asilimia 2 mpaka 4, chuma laini haifiki hata 0.3. Ukitaka kujua, gusa na grinda: chuma laini kinatoa cheche ndefu za njano, kasti inatoa fupi, nyekundu zilizofifia. Mwaka wangu wa pili nilichomelea mguu wa namna hiyo wa mteja kutoka Tukuyu kwa 6013, ukatoka mzuri kweli. Mteja anahesabu hela, tukasikia "ti!" Nikajifanya sijasikia. Ikaja "ti!" nyingine, ufa ukatembea mbele ya macho yetu sentimita nne. Hela nilirudisha, na kwenda kumtafutia mguu mwingine nilienda kwa nauli yangu.

Sasa hivi nautia kwanza kwenye mkaa upate joto taratibu, natumia rodi ya nikeli, vipande vya sentimita mbili mbili tu. Kila kipande kikiwa bado cha moto nakigongagonga polepole kwa nyundo ya kichwa cha duara ili kisijikaze kikipoa, kisha naruka sehemu nyingine. Nikimaliza naufukia kwenye majivu ya moto mpaka kesho asubuhi. Nikeli ni ghali, kama kipande hakibebi mzigo mkubwa wengine wanaunga kwa shaba na gesi, nayo inashika bila kuyeyusha kasti.

Springi za majani, mikono ya usukani na kulabu za kuvutia sichomelei kwa bei yoyote. Atakayekubali kukuchomelea, mwache akuchomelee, ila usinipe lifti kwenye mteremko wa Iwambi hapa Mbeya.

Turudi kwako mkuu. Kuna kitu hukusema, nacho kinaweza kugeuza ushauri wote huu. Trela lako lina ekseli moja au mbili? Maana msonobari mbichi unakaribia tani moja kwa mita ya ujazo, na kama ni ekseli moja na vijana wanapanga magogo yakielemea mbele, uzito unashuka kwenye shingo hata trekta likiwa limesimama. Basi hata nikija mimi na 7018 yangu, tutaonana tena baada ya miezi mitatu. Angalia pia pini ya kuunganishia, kama tundu limelika na shingo inacheza mbele na nyuma, kila unapokanyaga breki ni nyundo. Nipe jibu la ekseli na picha ya hiyo pini kabla hujanunua pleti.