Riwaya za mbali, mapenzi, na Liemba yetu: maswali yenu

Wadau habari za siku. Maswali yamejaa, mengine nimeyaunganisha sababu mmeuliza kitu kilekile, yani ni kama mlikaa kikao: zile riwaya za mtu anaondoka kwao anaenda mbali huko, anapenda au anaachika, alafu ndo anajijua yeye ni nani. Nimejibu ninayoyaweza. Ya wachumba wenu wanaochelewa kujibu meseji nimeyaacha.

Anti shikamoo. Nauza migebuka Kibirizi, nikipata muda nasoma riwaya, hasa hizi za mwanamke kasafiri peke yake nchi za watu. Mume wangu akiniona na kitabu ananuna, anasema natafuta njia ya kumkimbia. Kweli zinaharibu ndoa? (Mama Watatu, Kibirizi)

Marahaba mwanangu. Mwambie baba watoto, mwanamke anayetaka kukimbia hakai kusoma kurasa mia tatu, anapanda boti alfajiri, na wewe boti ziko mbele ya meza yako kila siku na bado upo.

Kinachokuvuta nadhani nakijua. Hapo sokoni wewe ni mama fulani, mke wa fulani, mkwe wa fulani, kabla hujafungua mdomo watu washajua utasema nini. Sasa mwandishi akitaka kuona huyu mwanamke akivuliwa hayo yote anabaki nini, njia nyepesi ni kumpeleka sehemu ambayo hakuna anayemjua. Hiyo ndo kazi ya umbali kwenye hizi riwaya, mambo ya bahari ya bluu na hoteli ni mapambo tu.

Ila sio lazima mhusika mwenyewe asafiri. Tafuta Barua Ndefu Kama Hii ya Mariama Bâ wa Senegal, kwa Kifaransa ilitoka 1979 na Kiswahili kipo. Ramatoulaye yuko eda, mumewe Modou kafariki, na huyo Modou baada ya miaka 25 ya ndoa alikuwa kamuolea Binetou, rafiki wa binti yao wa kumzaa. Anamwandikia shoga yake Aissatou, ambaye yeye mumewe alipoongeza mke alibeba watoto wake akaondoka, akasoma, akaishia kufanya kazi ubalozi wa Senegal kule Marekani. Kwahiyo safari ya mbali ipo, ila kaenda mwingine, anayejijua ni aliyebaki. Kuna sehemu Aissatou anamnunulia gari, Fiat, na yule mama wa watoto 12 aliyekuwa anagombania mabasi na wanafunzi anajifunza kuendesha ukubwani, anaogopa hivyohivyo mpaka anaweza. Mi hapo huwa narudia kusoma. Hajaenda popote jamani, yupo mji uleule, ila safari hii yeye ndo yuko kwenye usukani.

Mpe na mumeo asome. Kama ana mpango wa mke wa pili atakirudisha haraka.

Dada, niko chuo hapa Tabora. Rumeti wangu anabisha mpaka usiku wa manane kwamba Liemba, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, imo kwenye riwaya ya mapenzi ya wazungu. Ananipiga kamba? (Mbishi wa Cheyo)

Rumeti wako yuko sahihi kwa nusu, na nusu hiyo ni tamu kuliko anavyojua.

Riwaya inaitwa The African Queen, ya C. S. Forester, ilitoka 1935. Rose Sayer ana miaka 33, ni dada wa mmishionari, maisha yake yote kaamuliwa na kaka. Vita ya kwanza ya dunia inaanza, kaka mtu anakufa kurasa za mwanzo kabisa, Rose anabaki na fundi mitambo mmoja, Charlie Allnutt, mtu wa pombe kali na uoga mwingi, mwenye kaboti kabovu. Rose anaamua, tena yeye, sio mwanaume, kwamba watashuka na mto mpaka ziwani wakalipue meli ya Wajerumani. Njiani anamwaga pombe yote ya Charlie mtoni, anajifunza kushika usukani kwenye maporomoko, na kwenye kaboti hako wanapendana. Ukitaka mfano wa mtu kujijua ugenini huu ni mmoja wa mizuri, yule dada wa kanisani na yule nahodha wa mwisho ni kama watu wawili.

Kwenye kitabu meli ya Wajerumani inaitwa Königin Luise. Ila kisa kimeegemea vita ya kweli ya ziwa letu, ambako meli kubwa ya Wajerumani ilikuwa Graf von Götzen, na Götzen ndo Liemba yenyewe. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikaja kwa bahari hadi Dar, ikapanda reli ya kati ambayo ndo kwanza ilifika Kigoma 1914, ikaungwa hapa na kushushwa majini Februari 1915. Waingereza nao wakaleta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, wakazipitisha Afrika Kusini na Kongo kwa reli, kwa ng'ombe na kwa matrekta ya mvuke, hicho kisa peke yake ni riwaya nyingine. Na mwishoni Götzen haikulipuliwa na wapenzi wala na boti hizo, Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916 karibu na mdomo wa Malagarasi, mashine wakazipaka grisi wakijua ipo siku watairudia. Waingereza ndo waliiibua 1924, na 1927 ikaitwa Liemba, ikawa meli ya kwenda Mpulungu na magunia ya dagaa.

Sasa la moyoni. Mwanzoni mwa kitabu Wajerumani wanawachukua wanakijiji wote, wanaondoka nao, basi. Kuanzia hapo, ukiacha pale Shona wanapopigwa risasi na askari wa Wajerumani, mto mzima ni wa Rose na Charlie, kingo kimya, hakuna mvuvi, hakuna mama anayefua, hakuna hata mtoto wa kuwapungia mkono. We umekaa ukanda huu, ushawahi kuona mto usio na mtu kwa siku zote hizo? Ilibidi sisi tuondolewe ndo mapenzi yao yapate nafasi ya kukaa. Na mto wenyewe umeitwa Ulanga, wakati Ulanga ninayoijua mimi iko Morogoro na maji yake yanaelekea Rufiji hadi Bahari ya Hindi, ukipanda boti kule ukisubiri kuliona Tanganyika utasubiri sana. Bado nakipenda kitabu, sifichi. Ila hiki ndo kipimo changu kwa riwaya yoyote ya ugenini: naangalia wenyeji wako wapi, na wana shughuli zao au wamewekwa wabebe mizigo na kutabasamu tu.

Kwanini wazungu kwenye riwaya wakija Afrika wanajikuta, sisi tukienda kwao tunajikuta tunaosha vyombo? (Mzee wa Reli, Mwanga)

Mzee wangu shikamoo, nimecheka mpaka jirani kaja kuuliza.

Jibu ni makaratasi. Anayesafiri na pasi inayofungua kila geti na tiketi ya kurudi ana muda wa kuuliza moyo wake unataka nini, asiye na makaratasi kitu cha kwanza anachouliza ni polisi wako upande gani. Angalia Americanah ya Chimamanda Ngozi Adichie, 2013. Ifemelu na Obinze wamependana toka shule Nigeria, Ifemelu anakwenda Marekani, Obinze anaishia London kufanya kazi kwa kitambulisho cha mtu mwingine, anasafisha vyoo, anakamatwa siku ileile ya ndoa ya kununua makaratasi, anarudishwa kwao. Na riwaya inaanza na safari ya Ifemelu kwenda kusuka, anatoka Princeton anapanda treni hadi Trenton maana anapoishi hakuna wa kumsuka. Kichwa kinashikwa masaa na masaa huku anakumbuka maisha yake yote. Mwanamke yeyote wa hapa anajua kiti kile, unakaa mpaka miguu inakufa ganzi na stori zote za mtaa unazimaliza.

Mi naona riwaya za namna hii zinashinda zile za likizo, sababu mtu anajijua akiwa amebanwa, hana pa kujificha.

Kiingereza changu cha kuombea maji. Nipe vya Kiswahili. (Fundi Baiskeli, Gungu)

Barua Ndefu nishakutajia hapo juu. Chukua na Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, Yasmin binti wa Kihindi kaozeshwa mzee, anatoroka, nyumbani wanamkataa, anapokelewa Ng'ambo, mitaa ya Waswahili pale mjini Unguja, na Mwajuma, anampenda Denge anayesakwa na polisi wa mkoloni. Utasema Unguja sio mbali. Kwa Yasmin, kutoka mtaa wa kwao hadi Ng'ambo kwa Mwajuma ni mbali kuliko London, na Waswahili wa Ng'ambo kwenye kitabu hicho wana maisha yao, wanaimba, wanagombana, hawajakaa kumsubiri Yasmin ajijue.

Alafu Peponi ya Abdulrazak Gurnah, yule mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Nobel 2021. Kiingereza ilitoka 1994, Kiswahili kaiweka Ida Hadjivayanis na imechapwa na Mkuki na Nyota. Mtoto Yusuf anachukuliwa kwao na mfanyabiashara anayemwita ami, kumbe kawekwa rehani kwa deni la baba yake, na baadae anaingia kwenye msafara wa kwenda bara. Kwa watu wa pwani wa wakati ule bara ndo mbali, yani huku kwetu. Msomaji wa Tabora au Ujiji, ambako misafara ya kweli ilipita, unakisoma ukiwa upande wa pili wa safari, unawaona wageni wanakuja na vitambaa na hofu zao.

Mwandishi lazima awe amefika huko anakoandika? (Form Six, Kasulu)

Hapana. Shaaban Robert kaandika nchi iliyo angani, Kusadikika, nani amuulize nauli? Ila ukiandika nchi yenye watu wa kweli, waulize waliokaa huko, na sio walioenda siku tatu wakapiga picha.

Anti mi naandika riwaya yangu. Binti wa Kibondo anaenda China kufata mzigo, huko anapendana na kijana wa Kichina. Naogopa isije kuwa kama filamu ya Kihindi. Nianzie wapi? (Kalamu Ndogo, Kibondo)

Anzia kwenye pesa mwanangu. Pesa ya nani kaenda nayo? Ya kikoba, ya mahari aliyorudishiwa mtu, ya kaka anayetaka faida ndani ya miezi mitatu? Ukijua hilo ushajua anaogopa nini, na mapenzi yakija yatagongana na kitu.

Alafu mji uupe jina na mtaa. Kama ni Guangzhou, wafanyabiashara wengi wa Kiafrika wanajulikana maeneo ya Xiaobei, na maonyesho makubwa ya biashara yanafanyika mara mbili kwa mwaka, msimu wa Aprili na wa Oktoba, hapo hoteli zinapanda bei, binti yako atalala wapi? Usiniandikie kwamba walitazamana na muda ukasimama. Dukani lugha hawana, muuzaji anaandika bei kwenye kikokotoo, anamsogezea, binti anafuta anaandika yake, kijana anatikisa kichwa anafuta anaandika nyingine. Hapo una ukurasa mzima wa watu wawili wanaongea kwa namba bila neno hata moja, na siku kijana atakayoandika bei ndogo kuliko aliyoomba binti, msomaji ataelewa bila wewe kumwambia. Ila swali la mwenye akili linafata palepale: kapendwa au mzigo mbovu? Usilijibu haraka.

Na huyo kijana mpe mama yake, mpe kodi ya fremu, mpe kijiji alikotoka, inawezekana na yeye Guangzhou ni mgeni. Asiwe mtu wa kumfanya binti ajione mzuri alafu kazi yake imeisha.

La mwisho, hili ni wazo sio amri. Uko Kibondo, jirani na Kasulu ambako kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu imekuwepo toka 1996 na Wakongo walivuka ziwa wakaja. Kuna binti kazaliwa kule, kakulia kule, kapenda kule, kwake yeye Kongo ya mama yake ndo nchi ya mbali anayoisikia kwenye stori za jioni. Hiyo riwaya mi ningeinunua kabla ya ile ya China. Ila uende ukae nao, usikilize, usiwafanye mapambo.

Lazima mwishoni waoane? Nachoka. (Bila jina, Ujiji)

Wala. Ramatoulaye anachumbiwa na wawili baada ya mumewe kufa, kaka wa marehemu na bwana mmoja mwenye nafasi yake, wote anawakatalia. Hata Rose na Charlie inategemea umeshika nini: kwenye filamu ya 1951, ile iliyompa Humphrey Bogart Oscar, wanafungishwa ndoa dakika chache kabla ya kunyongwa na meli inalipuka kwa wakati wake, watu wanapiga makofi. Kwenye kitabu mpango wao unazama na dhoruba, meli inazamishwa na wengine, wao wanaelekea kuoana na Forester mwenyewe hathubutu kusema kama waliishi raha mustarehe. Mi nachukua cha kitabu.

Dada naomba PDF za vyote ulivyotaja, namba yangu nimeweka. (Wengi sana)

Sitoi. Peponi agiza kwa wachapishaji Dar, changeni watu watano kitabu kimoja, kinakuja na basi au treni, msomeshane. Na mliochukua Vuta n'kuvute yangu Mwanga rudisheni, mnajijua.